Nani Anawauzia Akina Mama Usingizi?

Ingia duka lolote la dawa hapa Ikutha, sema tu mtoto analia usiku, na kabla hujamaliza sentensi kuna chupa itakuwa imeshawekwa mbele yako. Woodward's Gripe Water, ama binamu zake wa bei nafuu wanaofanana naye hadi rangi ya karatasi. Hakuna anayeuliza mtoto ana wiki ngapi. Hakuna anayeuliza kama anaongeza uzito. Unalipa, unaenda. Mama yangu alinyweshwa, mimi nilinyweshwa, na watu wa nyumbani walinitazama vibaya niliposema wangu hatanyweshwa mpaka nijue ndani kuna nini na ni nani alikitia.

Basi nikasoma. Mimi si daktari wala si mwanahistoria. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kabisa kupatikana, lakini kusoma hakuna aliyeninyang'anya. Na ukiwa na mtoto wa wiki saba anayecheua kila akinyonya na kukesha kama soja wa benki, muda wa kusoma uko, tena mwingi: kati ya saa sita na saa kumi usiku, simu mkono mmoja, mtoto mkono wa pili, leso begani imelowa maziwa. Mnaonijua kwa video zangu za kuchekesha, leo vumilieni. Leo ni historia.

Kwa sababu hii historia hatukufunzwa. Tulikariri Mkutano wa Berlin, tukakariri tarehe za reli, lakini hakuna siku mwalimu alisimama kusema binadamu walifanya nini mtoto alipokataa kulala. Na jameni, kuna pesa nyingi humo ndani. Na makaburi madogo madogo pia.

Neno kasumba mnalijua. Tunalitumia kwa siasa, kasumba ya kikoloni, kasumba ya ukabila. Lakini kasumba yenyewe, kabla haijawa tusi la mwanasiasa, ni afyuni. Dawa ya kulevya. Na Waingereza wa karne ya 18 na 19 waliwapa watoto wao wachanga kasumba, si kwa siri, dukani, kwa senti chache. Chupa iliyovuma sana iliitwa Godfrey's Cordial. Ilikuwa na afyuni ndani ya utamu mzito wa molasi. Mama alikuwa anaingia kiwandani alfajiri, mtoto anaachwa kwa mlezi ambaye ana wengine sita sebuleni, na mlezi naye ni binadamu. Matone machache, nyumba inatulia.

Kilichonishika roho ni hiki: watoto wengi hawakufa kwa kuzidishiwa matone siku moja. Mtoto aliyeleweshwa hanyonyi. Haliii, haombi, anakonda taratibu huku kila mtu akimsifu kwa utulivu. Mtoto mtulivu. Sifa hiyo bado tunaitoa hadi leo, si ndio? "Wako ni mtulivu sana." Mimi sasa nikiisikia nauliza kwanza kama amenyonya.

Marekani nao walikuwa na yao. Mwaka 1849, mji wa Bangor, jimbo la Maine, ilianza kuuzwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup. Ndani mlikuwa na mofini, na matangazo yake yalikuwa na picha nzuri kupita kiasi, mama mrembo, mtoto mnene, mwanga wa dirishani. Ukiyaona leo utadhani ni ukurasa wa mtu anayeuza kozi ya malezi. Sheria ya chakula na dawa ya 1906 ndiyo iliyolazimisha watengenezaji waseme kwenye lebo kama kuna mofini ndani. Mwaka 1911 chama cha madaktari wa Marekani kikaiweka dawa hiyo kwenye kundi walilolipa jina lisilo na adabu: wauaji wa watoto. Na bado ikaendelea kupatikana madukani miaka mingi baadaye. Lebo peke yake haimalizi biashara.

Sasa turudi kwa chupa yetu. William Woodward alikuwa mfamasia kijana. Mwaka 1851, akiwa na miaka 23 hivi, alikuwa Nottingham, mji wa viwanda, mji ambao ile kasumba ya Godfrey ilikuwa imeuzoea vizuri. Yeye akaja na kitu tofauti. Na amini usiamini, wazo lake lilitoka kwa malaria. Uingereza ya mashariki kulikuwa na eneo la vinamasi liitwalo Fens, na watu wa huko walikuwa wanashikwa na homa ya vinamasi, malaria ile ile tunayoijua sisi. Madaktari waliwapa watoto wenye homa hiyo dawa ya maji, na ikaonekana watoto wenye tumbo la kusokota pia wanatulia wakiinywa. Woodward akaichukua fikra hiyo akatengeneza yake: mafuta ya mbegu za dili, ambayo ni mmea wa ukoo mmoja na giligilani, magadi ya soda, sukari, maji, na pombe. Ndiyo. Pombe asilimia 3.6. Mwaka 1876 akaisajili kuwa nembo ya biashara.

Hiyo 3.6 usiione ndogo. Daktari mmoja aitwaye Blumenthal aliyeandika historia ya chupa hii mwaka 2000 alipiga hesabu kwamba kipimo cha juu kabisa alichoruhusiwa mtoto kilikuwa sawa na mtu mzima wa kilo 80 kumeza toti tano za wiski. Toti tano! Mtu mzima wa hapa kwetu akizimeza hizo anaanza kuongea Kiingereza. Ilipofika 1992 Uingereza ndipo pombe ikaondolewa. Yaani kwa zaidi ya miaka 100, nusu ya siri ya kile kinywaji ilikuwa kwamba mtoto amelewa kidogo.

Ilisafiri popote bendera ya Uingereza ilipofika. India walishikamana nayo mpaka leo ni kama mtu wa ukoo. Kwetu pia. Susu, nyanya yangu, anahesabu watoto wake kwa njaa. Wa kwanza alikuja mwaka wa Yua ya Atta, 1961, ile njaa ambayo watu wa Ukambani walikula unga wa msaada. Mama yangu, kitinda mimba, alikuja mwaka wa Nikw'a Ngwete, 1984, njaa ya "nakufa na pesa mkononi", kwa sababu pesa ilikuwepo na chakula cha kununua hakikuwepo. Wa 1961 hakuonja dawa ya duka. Wa 1984 alionja, na Susu anaikumbuka kama maendeleo. Kuna mtu alitoka Mombasa na chupa kwenye mkoba, basi, ukawa uzazi wa kisasa.

Simlaumu hata kidogo. Leo chupa nyingi hazina pombe, na sitasema mama aliyeinunua ni mama mbaya. Ninachosema ni kwamba ukiondoa pombe kinachobaki cha kumtuliza mtoto ni sukari, kwa sababu utamu kweli unamnyamazisha mtoto mchanga kwa dakika chache, na mengine ni imani. Shirika la Afya Duniani linasema miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama pekee, hata maji hapana. Maji yenye picha ya mtoto kwenye lebo bado ni maji.

Haya, lakini mtoto bado anacheua. Hapo ndipo wanawake wenzangu mnaniandikia mkilia, na mimi nalia nanyi, kwa hivyo tuongee ukweli wa mwili kidogo.

Juu ya tumbo kuna msuli unaofunga mdomo wake, kama kamba ya gunia. Kwa mtoto mchanga kamba hiyo bado imelegea. Chakula chake chote ni maji, tumbo lenyewe dogo, na siku nzima amelala chali. Unategemea nini? Yanarudi. Mwaka 1997 watafiti wa Chicago waliwauliza wazazi wa watoto 948, na wakakuta nusu ya watoto wa chini ya miezi mitatu wanacheua angalau mara moja kwa siku. Miezi minne ndiyo kilele, asilimia 67. Wakikaribia mwaka mmoja inashuka hadi asilimia 5. Nilipoisoma hiyo namba 67 saa nane za usiku nilitaka kuamsha kijiji kizima. Si ugonjwa. Si jicho la mtu. Si kwa sababu nilikula nzuu jioni. Ni gunia ambalo bado halijafungika.

Kuna kucheua kwingine kwa hatari, na hilo siwezi kuliruka hata kama ni historia tunaongea. Matapishi ya kijani, ama yenye damu. Mtoto anayetapika kwa nguvu, yanaruka mbali, kila akinyonya, hasa wiki za tatu hadi nane. Homa. Nepi kavu siku nzima. Uzito usiopanda kwenye kile kijitabu cha kliniki. Huyo si wa leso na uvumilivu, huyo ni wa pikipiki na hospitali, usiku huo huo. Tangu barabara ya Kibwezi kwenda Mutomo na Kitui iwekwe lami, safari inayowakumbuka wazee kama adhabu imekuwa ya kuaminika. Itumieni.

Kwa huyu mwingine, yule anayecheua huku ananenepa na kucheka, dunia ilijaribu kumpa dawa pia. Kulikuwa na dawa iitwayo sisapraidi, iliruhusiwa Marekani mwaka 1993 kwa kiungulia cha watu wazima. Haikuruhusiwa kwa watoto lakini madaktari waliwaandikia watoto wachanga wanaocheua, tele. Ilipofika mwisho wa 1999, mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imepokea ripoti 341 za mapigo ya moyo kuvurugika kwa waliotumia dawa hiyo, wa umri wote, na 80 kati yao walikufa. Mwaka 2000 ikaondolewa madukani. Zikaja dawa za kupunguza asidi. Mwaka 2009 zikajaribiwa vizuri: watoto 162 waliokuwa wakilia na kucheua, nusu wakapewa dawa iitwayo lansoprazoli, nusu wakapewa kitu kisicho na dawa. Waliopata nafuu kwenye kundi la dawa walikuwa asilimia 54. Na kwenye kundi lisilo na dawa? Asilimia 54.

Nilikuwa nimeshaisoma hiyo siku nilipouziwa, ama niseme nilipotaka kuuziwa, maji ya asidi na kijana wa duka moja la dawa, silitaji, aliyesema "hii inamaliza mambo." Nikamuuliza anampima mtoto kwa uzito gani. Akasema kijiko kimoja. Uzito, nikarudia. Akaangalia pembeni. Kaka, mimi nilimsoma huyo mtafiti nikiwa na matapishi kwenye nywele, utaniambia nini?

Lakini kisa kinachoniuma kuliko vyote hakina chupa yoyote. Kina ushauri tu, wa bure, wa mtu mwema.

Mwaka 1946 daktari wa Marekani, Benjamin Spock, alitoa kitabu cha malezi ambacho kiliuzwa nakala kama milioni 50. Karibu kila nyumba ya mzungu ilikuwa nacho. Katika matoleo ya miaka ya 1950 aliwashauri wazazi wamlaze mtoto kifudifudi. Sababu yake? Kucheua. Aliona mtoto akilala chali na maziwa yakarudi, atapaliwa. Inaingia akilini kabisa. Susu angesema hivyo hivyo, na shangazi yangu alisema hivyo hivyo wiki ya kwanza nikiwa nyumbani: "Mgeuze, atapaliwa." Akili ya kawaida, upendo mtupu.

Na haikuwa kweli. Mtoto akilala chali, umio uko chini ya njia ya hewa. Maziwa yakirudi, yanamezwa ama yanatoka pembeni. Akilala kifudifudi, pua kwenye godoro, anaweza kuacha kupumua kimya kimya. Vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilikuwa vinatisha nchi za Ulaya na Marekani, na wazazi waliambiwa ni fumbo. New Zealand wakaanza kuona jibu mwishoni mwa miaka ya 1980. Uingereza, mtangazaji wa televisheni Anne Diamond alimpoteza mwanawe mwaka 1991, akafunga safari hadi New Zealand kuuliza, akarudi akapiga kelele mpaka serikali ikaanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka huo huo. Marekani wakafuata 1994. Vifo vikaporomoka. Mwaka 2005, Ruth Gilbert na wenzake wakarudi kwenye makaratasi ya zamani wakakuta kwamba ushahidi ulikuwepo tayari mwaka 1970. Kama kuna mtu angeukusanya na kuusoma wakati huo, walikadiria, watoto zaidi ya 10,000 wa Uingereza peke yake wangeweza kuokolewa, na angalau 50,000 ukijumlisha Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand.

Soma hizo namba tena. Hakuna aliyekuwa anauza chochote pale. Ni mtu mwenye heshima alisema kitu kinachoingia akilini, na watu wakakirudia miaka 30 bila kuangalia. Kwa hivyo shangazi, kwa heshima zote, na unajua nakupenda: chali. Kila usiku. Hata akicheua.

Tuje kwa maziwa sasa, kwa sababu mtoto akilia watu wa kwetu wana hukumu moja, "maziwa yako ni mepesi." Hukumu hiyo nayo ina historia. Mwaka 1939, Singapore, daktari aitwaye Cicely Williams, yule yule aliyewaelezea madaktari wa dunia ugonjwa wa kwashakoo kutoka Ghana, alisimama mbele ya mkutano wa Rotary na hotuba aliyoiita Milk and Murder, yaani maziwa na mauaji. Alikuwa anawasema wauzaji wa maziwa ya kopo. Miaka ya 1960 na 1970 kampuni zilikuwa zinaajiri wanawake waliovaa kama wauguzi, wanazunguka Afrika na Asia kuwaonyesha kina mama kopo. Mama amechoka, hajalala siku nne, mtu mwenye sare nyeupe anamwambia mtoto hashibi. Nani hapo atabisha? Kopo likiisha, unga unapunguzwa, maji ya mtoni yanaongezwa. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza likachapisha kijitabu kilichoitwa The Baby Killer, mwaka 1977 Wamarekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé, na mwaka 1981 ikaja kanuni ya kimataifa. Kenya tulipata sheria yetu kamili mwaka 2012.

Na hapa nitaisifu serikali, mjue mimi si mtu wa kuisifu ovyo. Mwaka niliozaliwa, 2003, ni asilimia 13 tu ya watoto wa Kenya wa chini ya miezi sita waliokuwa wananyonya maziwa ya mama pekee. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 60. Mwaka huo wa 2003, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 77 hawakufika mwaka mmoja. Mwaka 2022 ni 32. Kuna chanjo ndani ya hizo namba, kuna vyandarua, kuna hospitali, kuna mengi, lakini pia kuna maziwa. Mepesi yangu haya haya.

Mzee wetu John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, aliandika katika African Religions and Philosophy, kitabu cha 1969, kwamba kwa Akamba mtoto alipewa jina siku ya tatu, na siku ya nne baba akamvalisha mkufu shingoni. Kabla ya hapo alihesabiwa kuwa bado ni wa upande wa roho, hajawa mtu kamili wa nyumba. Nikiwa chuoni ningeisoma hiyo nikasema ni ushirikina. Sasa naisoma kama uwanja wa watu waliozika sana. Huwezi kumpa jina mgeni ambaye hujui kama atakaa. Na ona majina yenyewe tuliyowapa waliokaa: Mutuku, wa usiku. Kioko, wa asubuhi. Watu waliokuwa macho ndio huweka majina ya namna hiyo.

Sasa swali lenyewe. Kabla ya Woodward kufika, waliweza vipi?

Kwanza, watoto walilia. Msidanganywe na zile video za "mtoto wa Kiafrika halii." Daktari Brazelton wa Marekani aliwapa akina mama 80 madaftari waandike, akachapisha mwaka 1962: watoto wazima kabisa wanalia kama saa mbili na dakika arobaini na tano kwa siku wakiwa na wiki sita, kisha kilio kinapungua chenyewe. Ronald Barr na wenzake wakaangalia watoto wa !Kung San wa Botswana, wanaobebwa mchana kutwa na kunyonyeshwa kila wakitaka. Matokeo yakatoka 1991: kilele ni kile kile, wanaanza kulia mara nyingi vile vile. Tofauti ni urefu. Wao walilia nusu ya muda. Nyuma kidogo, mwaka 1986, Barr na mwenzake Hunziker walikuwa wamewaomba wazazi wa Canada wawabebe watoto zaidi kila siku, hata kama hawalii, na kilio kikapungua kwa asilimia 43 kwenye wiki ya sita. Kubeba. Ndiyo dawa iliyopita mtihani. Leso. Muuguzi wa Marekani aitwaye Ann Moore aliiona Togo miaka ya 1960 akiwa Peace Corps, akarudi kwao akatengeneza mkoba wa kubebea mtoto, akapata hataza mwaka 1969, na leo hiyo mikoba inauzwa Nairobi kwa bei ambayo siitaji nisije nikatukana.

Pili, na hapa ndipo naomba mkae nami, hawakuwa peke yao.

Miaka ya 1970 mwanzoni Charles Super na Sara Harkness, mume na mke kutoka Marekani, waliishi na Wakipsigis kijiji cha Kokwet, huku huku Kenya, wakipima usingizi wa watoto. Mtoto wa Marekani wa miezi minne alikuwa anashika saa nane mfululizo. Wa Kokwet, hata akifika miezi minane, alikuwa bado anaamka usiku kunyonya. Na hakuna mtu Kokwet aliyeita hiyo tatizo! Mtoto alilala ubavuni mwa mama, anaamka, ananyonya, wanalala tena. Mchana mama akienda shambani, kulikuwa na msichana wa miaka saba, minane, ambaye kazi yake ni huyo mtoto. Yule Mmarekani alihitaji mtoto alale kwa sababu kesho ana kazi na hana msichana.

Ukambani ilikuwa hivyo hivyo. Susu alilea wadogo zake kabla hajazaa. Mama alimlea mjomba wangu mmoja wa kambo. Mwaka 2003, Januari, elimu ya msingi ikawa bure, na yule msichana wa miaka minane akaenda shule. Mahali anapopaswa kuwa. Sitaki arudi, mimi mwenyewe ni huyo msichana. Lakini alipotoka pale mlangoni na begi lake, mikono yake haikuwekewa badala. Wanaume wa huku wamekuwa wakienda Mombasa na Nairobi kutafuta kibarua tangu reli, na baba wa mtoto wangu yuko Mombasa sasa hivi, anatuma pesa, anapiga simu saa tatu usiku, mtoto anasikia sauti kwenye spika. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyeajiriwa miezi mitatu yenye mshahara na baba wiki mbili. Mwenye kibarua hana hizo wiki. Mama mboga hana. Mimi wa video sina. Nisipopakia kitu wiki mbili, hela inakauka na nyinyi mnaniuliza kama nimeokoka.

Kwa hivyo pale kwenye shimo la yule msichana ndipo chupa inakaa. Kila enzi. Kiwanda cha Nottingham kilimchukua mama, ikaja chupa. Nikiwa macho usiku simu yangu inanionyesha matangazo ya mashine ya kelele, mto wa kuinamisha, matone ya Ujerumani, kozi ya "mtoto alale usiku kucha kwa siku saba", yote kwa dola. Wamejua saa niliyo macho kuliko ukoo wangu unavyojua.

Mimi nilikataa kununua nikaitisha kikao. Kweli kikao, jikoni, nikiwa na namba zangu kwenye simu. Kaka yangu aliyemaliza kidato cha nne anangojea kuitwa chuo, analala mchana kama paka, kwa hivyo usiku ana nguvu. Mama anaamka saa kumi na moja aende sokoni. Susu halali vizuri tangu Moi awe rais, anasema mwenyewe. Tukagawana.

Sasa kwetu iko hivi. Namnyonyesha saa tatu, Susu anamshika wima kwenye bega nusu saa ili yasirudi, huku akimhadithia mambo ya Tiva ilipofurika. Saa nne hadi saa saba ni kaka, anatembea naye uani na leso kifuani akisikiliza mpira, na ananiamsha tu kwa njaa. Saa saba hadi saa kumi ni zangu. Kisha mama anamchukua hadi aondoke. Mtoto bado anacheua, jana amecheua kwenye jezi ya Arsenal, na kaka amesema hata hiyo ni maoni.